Leta ilijifunza wapi kutawala?

Maneno tuliyosema Nyangwe siku ya 15 Julai, mbele ya vijana waliotoka Kasongo na Kabambare. Tunayaandika hapa juu wengi waliomba.

Wandugu, wadada, wazee wetu mulioacha kazi kwa ajili ya kutusikia, na nyinyi mama zetu wa soko mulioko pale nyuma: jambo yenu wote.

Munajua sababu ya kuchagua siku hii. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 1871, hapa Nyangwe, ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wamejaa, zaidi wanawake, wakiwa na samaki, kuku, mihogo na vyungu. Watu watatu wenye bunduki, wa kundi la Dugumbe, waliingia sokoni. Mmoja akaanza kubishana bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia. Mama zetu walikimbilia mtoni, mitumbwi ikagongana, wengi wakazama Lualaba. Mzungu mmoja alikuwa hapa siku ile, David Livingstone, na aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kwa bei ya kuku.

Hatukukuja leo kulia tu. Tunataka kuuliza swali lenye kutusumbua sisi tuliomaliza masomo na tunakaa nyumbani na diplome kwenye sanduku: leta hii yenye kututawala, ilijifunza wapi kutawala?

Kwenye iniversite walitufundisha Wamarekani. Walituambia kwamba Waingereza waliofika Virginia walibeba kutoka kwao desturi ya kukaa baraza, na mwaka wa 1619, pale Jamestown, wakachagua watu wa kuwasemea. Mwalimu alifurahi sana kufika hapo. Mwaka uleule, hata miezi miwili haikupita, mashua ilileta palepale Virginia Waafrika wa kuuzwa. Hiyo tulijisomea wenyewe. Lakini somo lilitubakia kichwani: mtu akienda kutawala nchi ngeni hafiki mikono mitupu. Amebeba namna ya kutawala, ameikopi kwa mwengine. Sasa, waliokuja kututawala sisi walibeba nini?

Tuanze na maneno yetu wenyewe, juu maneno hayasahau. Sikiliza mzee wa Kasongo akisema habari za kazi ya zamani. Atasema nyampara. Neno hilo lilitoka Unyamwezi. Njo walikuwa wakubwa wa msafara, wenye kuhesabu mizigo na watu. Atasema kalani. Hilo lilivuka bahari kutoka upande wa Uhindi, likapita pwani, likapanda mpaka huku. Atasema kapita: hilo ni la Wareno. Kisha atasema leta, na hilo ni Kifaransa, l'État, tulilimeza mpaka likawa letu. Maneno manne, mataifa manne. Hakuna hata moja la Wagenya, la Wazimba, la Wakusu wala la Wabangubangu. Mwenye kutaka kujua nani alijenga serikali hii asome pale kwanza.

Mwalimu wa kwanza wa leta ni Zanzibar. Wengi hapa wanafikiri serikali ilianza na Wabelgiji. Hapana. Kabla yao Kasongo ilikuwa na mji, na mashamba makubwa ya mpunga, na barabara za miguu zenye kufika mpaka Tanganyika, na mtu wa kukusanya pembe kwa jina la mkubwa wake. Mkubwa alikuwa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Namna yake ya kutawala ilikuwa fupi: unaweka mtu wako katika kila eneo, unampa bunduki, unamwambia pembe ngapi zije. Namna atakavyozipata, hiyo ni kazi yake. Chifu mwenye kukubali anabaki chifu. Mwenye kukataa, kijiji chake kinachomwa, na watu wanafungwa kamba.

Mwezi wa pili mwaka wa 1887, kule Zanzibar, Stanley alimwekea Tippu Tip karatasi mbele. Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alikuwa anamfanya wali, gavana wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Fikirini kidogo. Mfalme aliyesema mbele ya Ulaya yote kwamba anakuja kumaliza biashara ya watumwa alimlipa mshahara mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa eneo hili. Hatusemi ilikuwa ujinga. Ilikuwa hesabu. Hakuwa na serikali huku, mwenzake alikuwa nayo, akaikodi.

Mwalimu wa pili yuko mbali, na huyu wengi hawamjui. Ni Java.

Léopold, mbele ya kuwa mfalme, alikuwa kijana tajiri mwenye wazo moja tu: namna gani nchi inapata feza kwa nchi ya wengine. Mwaka wa 1862 alikwenda Hispania, Seville, akafungua makaratasi ya zamani ya Wahispania ili kuhesabu faida waliyopata kwa makoloni yao. Mwaka wa 1864 na 1865 alifika mpaka Ceylon, Uhindi na Java. Na kulikuwa kitabu kilichotoka mwaka wa 1861, cha Mwingereza mmoja aliyeitwa Money (ndiyo, jina lake ni hilo, hatukulitunga), kilichoeleza namna Waholanzi walivyosimamia Java. Léopold alikipenda sana.

Kile kitabu kilisifu nini? Waholanzi, tangu mwaka wa 1830, walimwambia mkulima wa Java: hauna feza ya kodi, basi utatupa sehemu moja ya tano ya shamba lako ulime kahawa, sukari ao rangi ya indigo kwa ajili ya serikali, ao utatupa siku 66 za kazi kila mwaka. Na hawakwenda wenyewe kumsimamia mkulima. Waliwatumia machifu wa palepale, wakawapa sehemu kidogo ya mavuno. Kila mavuno yakiongezeka, chifu naye anaongezeka. Hapo chifu anaacha kuwasemea watu wake, anaanza kuwahesabu.

Shikeni hiyo namba, 66. Mwaka wa 1903, wakati dunia ilianza kupiga kelele juu ya mpira wa Congo, Léopold alitoa amri ya kusema kodi ya kazi haitapita saa 40 kwa mwezi. Saa 40 mara miezi 12 ni 480. Ukigawanya kwa siku ya saa nane, ni siku 60. Kisha mwaka wa 1917, Léopold amekwisha kufa na nchi ni ya Ubelgiji, inatoka amri ingine, ya mashamba ya lazima: mwanaume wa kijiji atatoa siku mpaka 60 kwa mwaka. Njo ile pamba ambayo babu zetu wa Maniema walilima huku wanahesabiwa mistari. Java siku 66, mpira 60, pamba 60. Labda karani wa Boma hakufungua kitabu cha Java usiku ule. Lakini mtoto akifanana hivi na mtu, kijijini watu wanaanza kusema.

Na zile saa 40 zilikuwa za karatasi. Mpira wa porini haujui saa. Mtu alilala msituni majuma mazima ili kupata kilo zilizoombwa, na akirudi bila kilo kulikuwa na kiboko. Wabelgiji walikiita chicotte, neno la Wareno hilo pia.

Walimu wengine tutawapitia mbio. Marekani ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua bendera ya Léopold, tarehe 22 Aprili 1884. Mtu wa Léopold kule Washington, Henry Sanford, aliwaambia Wamarekani kwamba Congo itakuwa kitu kama Liberia, ama muungano wa nchi huru za watu weusi. Waliamini, ao walijifanya kuamini. Kisha Berlin, iliyofungwa tarehe 26 Februari 1885: juu ya mto wetu walizungumza miezi, na huku hakuna hata mmoja aliyeitwa. Siku ya kwanza ya Julai mwaka uleule, serikali mpya ikatoa amri kwamba ardhi yenye haina mtu ni ya leta. Pori la kuwinda, pori la kupumzisha shamba, pori la makaburi: kwa macho yao, hakuna mtu. Mwaka wa 1890, Brussels, mkutano wa kupinga utumwa ulimpa Léopold ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa zenye kuingia, ili apate feza ya kupigana na wauza watumwa. Kwa hiyo vifo kama vile vya soko la Nyangwe viligeuka sababu ya kodi. Wafu wetu waliitwa kwenye mkutano ule. Sisi wazima hapana.

Vita ya 1892 mpaka 1894 wazee munaijua kuliko sisi. Dhanis alichukua Nyangwe mwezi wa tatu 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, miaka tisa kamili, hata siku haikupotea, tangu Wamarekani kuikubali ile bendera. Vitabu vya shule vinasema Wabelgiji walishinda Waarabu. Hebu tuangalie nani walipigana. Ngongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, akageuka upande wa Wabelgiji mwaka wa 1892 na askari wake maelfu. Bila yeye Dhanis hangefika hapa. Mwezi wa tisa 1893, Wabelgiji haohao walimhukumu na kumpiga risasi kule Ngandu. Alikuwa amewaonyesha njia zote. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Na baada ya vita? Watu mingi waliokuwa wanyampara walibaki wakubwa, chini ya bendera ya nyota moja. Nyumba ileile, karani mwengine. Kiswahili kikabaki lugha ya kuamuru watu kazi.

Sasa tunafika kwenye jambo lenye kutugusa leo. Mwaka wa 1891 Léopold alitoa amri ya sheferi: chifu ni yule serikali imemtambua, na analeta watu na mali kama kodi. Mwaka wa 1910 Wabelgiji wakasema kila mtu awe chini ya sheferi fulani, na asitoke bila ruhusa. Kisha baada ya vita ya kwanza ya dunia, waziri wao Louis Franck aliangalia namna Waingereza walivyotawala kwa kupitia machifu, akaipenda. Sheferi ndogondogo zikaanza kuunganishwa, na amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaweka sekta kwa sheria. Mkubwa wa sekta si lazima awe mtoto wa ukoo wa pale. Ni mtu mwenye kupendeza administrateur. Java ilikuwa imefika Maniema kwa kupitia London na Brussels, na ilikuwa imevaa jina la desturi yetu.

Mzee mmoja alitusimamisha jana, wakati tulimwonyesha maneno haya. Alisema: nyinyi watoto musitukane Wangwana, mpunga munaokula waliuleta wao, na Kiswahili hiki munachotumia kuwatukana ni chao. Ana haki. Wengi kati yetu ni wajukuu wa Wangwana, na tena ni wajukuu wa wale waliofungwa kamba, mara mingi katika nyumba moja. Hatuna mtu wa kumtukana bila kujipiga sisi wenyewe. Tunasema juu ya namna ya kutawala, si juu ya damu.

Lakini kuna mwalimu mmoja aliyekuwa hapa, na leta haikukaa darasani kwake hata siku moja. Ni soko.

Livingstone, mbele ya siku ile mbaya, alikaa Nyangwe miezi zaidi ya mitatu na alienda sokoni mara mingi. Aliandika kitu ambacho kingepaswa kufundishwa katika kila shule ya Kasongo: kwamba hata vijiji vikiwa katika vita, wanawake wenye kwenda sokoni walipita bila kuguswa, kutoka soko moja mpaka lingine. Wanaume wao wanapigana, wao wanauza samaki kwa adui. Hakukuwa na polisi. Hakukuwa na karatasi ya kupita. Kulikuwa na makubaliano, na makubaliano yale yalikuwa na nguvu kuliko mkuki.

Na Wagenya, watu wa mtumbwi, walijua kukataa. Livingstone aliomba mitumbwi, hawakumpa. Mwaka wa 1874 Cameron alikuja kuomba, naye hakupata. Walikuwa wameona bunduki zinafanya nini, wakaamua kwamba mto hautafunguliwa kwa kila mwenye kuleta shanga. Sisi tunaita hiyo siasa. Vitabu vya wale wazungu vinaiita ukaidi.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba huku hakukuwa na desturi ya kukubaliana. Ilikuwapo, na ilisimama kwenye mikono ya wanawake. Waliokuja kujenga leta walitembea katikati ya soko lile, wakapima kuku na chumvi, wakaandika bei, na hawakuona serikali.

Sasa tuje leo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, ile ya kupanga komini, sekta na sheferi, inasema mkubwa wa sekta anachaguliwa na baraza ya sekta, na baraza inachaguliwa na wananchi. Iko kwenye karatasi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Mwaka wa 2023 watu wa komini kadhaa katika nchi walichagua washauri wao. Watu wa sekta bado. Miaka inapita, na mkubwa wa sekta anaendelea kuwekwa kutoka juu. Wengine ni watu wazuri, tunawajua, tunakula nao. Lakini mtu aliyewekwa kutoka juu anaangalia juu. Hiyo si tabia ya mtu, ni kiti njo kilichongwa vile tangu 1933.

Juma lililopita tulikaa asubuhi nzima kwenye kivuko kimoja. Hatutakitaja, juu si kimoja tu. Mama mmoja alivuka na besheni mbili za mawese na gunia la mpunga. Alilipa kwenye maji. Alilipa alipopanda ukingo. Alilipa kwenye kamba iliyofungwa njiani, kwa kijana wa rika letu, ambaye pengine naye ana diplome. Alilipa mara ya nne alipoweka mzigo chini sokoni. Mara nne, na karatasi moja tu, yenye muhuri usiosomeka. Tulimuuliza: mama, unalipia nini? Akatuangalia kama watoto wadogo. Akasema: ninalipia kupita.

Mwaka wa 1870 alikuwa anapita bure, hata wakati wa vita.

Pale tuliona aibu kidogo. Siku mingi tumeandika juu ya Kinshasa, juu ya madepite, juu ya gavana. Tulisahau kamba ile ya njiani. Na tuseme ukweli wote: kati yetu kuna walioomba kazi ya kushika kamba ile. Tuna njaa sisi pia. Nyampara hakuwa mzungu, wala kapita, wala yule askari mwenye kupima mpira. Leta hii haikuweza kusimama hata siku moja bila kijana wa hapahapa asiye na kazi ingine.

Haya njo tumekubaliana na mama wa soko, na tunaomba vijana wa Kabambare wafanye vilevile kwao. Kuanzia soko lenye kuja, wawili wawili, tutakaa kwenye vivuko na kwenye kamba tukiwa na daftari. Hatutamzuia mtu, hatutabishana na askari, hatutapiga picha ya uso wa mtu. Tutaandika tu: saa, mzigo, feza iliyolipwa, kama karatasi ilitolewa ao hapana, na jina la takisi kama mwenye kutoza anajua jina lake. Mwisho wa mwezi tutabeba madaftari mpaka ofisi ya sekta na ofisi ya teritware, na tutauliza swali moja kwa kila mstari: hii iko katika sheria gani? Jibu tutalisoma sokoni kwa sauti, likija ao lisipokuja.

Na barua juu ya uchaguzi wa baraza za sekta iko pale mezani kwa dada mwenye kitambaa cha kijani. Musitie sahihi kama hamujaisoma. Wasiojua kusoma, tutawasomea kwa Kiswahili, kwa Kigenya, kwa Kizimba ao kwa Kikusu. Kibangubangu tunamtafuta bado mtu wa kusoma vizuri, kama uko hapa inua mkono.

Mama wa soko wameomba waseme sasa. Tunawapa nafasi.